Mkono wa Mama Mkwe

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Nalisema hili mapema ili msomaji asifike katikati ndipo ashangae. Nilifundisha shule ya msingi miaka thelathini na mmoja, na katika miaka hiyo yote watoto walikuwa na majina mawili ya kuniita: Mwalimu Kimeu nikiwapo, na Radi nikiwa sipo. Nilipostaafu, kanisa letu hapa karibu na Tawa liliniomba nifundishe darasa la ngumbaru, Jumanne na Alhamisi saa nane mchana, katika ukumbi wa zamani wenye mabenchi. Mke wangu Wayua alicheka mpaka akaweka chini sufuria aliyokuwa ameshika.

"Watu wazima?" akasema. "Hao ukiwapigia kelele wanachukua mifuko yao wanaenda. Mtoto anavumilia juu hana pahali pa kwenda."

Nilianza na wanafunzi tisa. Wiki ya pili akaja wa kumi, na huyo wa kumi ndiye ninayetaka kukusimulia habari zake. Alikuwa Kasyoka, mama mzazi wa Wayua. Mama mkwe wangu.

Kama wewe si Mkamba, ngoja nikueleze. Kwetu, kati ya mwanamume na mama mkwe wake kuna heshima tunayoiita nthoni. Simpi mkono. Siketi naye benchi moja. Siingii jikoni mwake. Tukikutana njiani mmoja anampisha mwingine, tunasalimiana huku kila mtu akiangalia pembeni, kisha tunaendelea na safari zetu. Siku hizi familia nyingi zimelegeza. Kuna vijana wanaowakumbatia mama wakwe zao siku ya harusi mbele ya kamera, na siwahukumu. Lakini Kasyoka hakulegeza, wala mimi sikutaka alegeze. Katika miaka ishirini na sita ya ndoa yangu, maneno yote tuliyowahi kuambiana ukiyakusanya hayajazi ukurasa mmoja. Nilimheshimu sana, na nilimpenda pia, ila kwa mbali.

Kwa hivyo siku alipotokea mlangoni na mfuko wenye daftari na penseli iliyochongwa kwa kisu, chaki iliniponyoka. Alipita kando ya ukuta, akaketi kwenye benchi la mwisho kabisa, akaangalia dirisha. Mimi nikaangalia ubao. Darasa zima likatuangalia sisi.

Aliyetuokoa ni Kathini, anayeuza mboga sokoni, mama mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya mto. Kasyoka alimnong'oneza, naye akasimama.

"Mwalimu, Mwaitu, mama yetu huyu, anasema amekuja kujifunza jina moja tu. Akilijua anarudi nyumbani."

"Jina lake?"

"La mzee wake. Nyamai."

Basi nikaelewa, na wengine wote wakaelewa. Mzee Nyamai alikuwa amefariki Agosti iliyotangulia. Kaburi lake lilikuwa bado udongo mtupu na msalaba wa mbao, na familia ilikuwa imekubaliana kwamba ukitimia mwaka, siku ya maombi, kaburi lijengwe kwa simiti. Hapa kwetu, plasta ikiwa bado mbichi, fundi huchukua msumari akaandika jina la marehemu. Ikishakauka, imekauka, kilichoandikwa ndicho kitakachosomwa na wajukuu. Kasyoka alitaka msumari huo ushikwe na mkono wake mwenyewe. Tulikuwa Februari. Miezi sita, herufi sita. Mimi nilidhani ni kazi ya wiki mbili.

Wacha niseme kidogo huyu mama ni nani. Alizaliwa upande wa Kitui, karibu na Mutomo, mahali ambapo msichana alichunga mbuzi na kuchota maji, na shule ilikuwa ya ndugu zake wa kiume. Mama yake alikufa yeye akiwa bado mdogo. Nyamai alimwoa akamleta huku Makueni, kisha akaenda Emali kupakia malori, akawa anakuja nyumbani mwisho wa mwezi. Watoto sita Kasyoka aliwalea karibu peke yake. Matuta yote unayoyaona kwenye shamba lile aliyachimba na wanawake wenzake wa mwethya, leo kwangu, kesho kwako, wakiimba huku wakirusha udongo juu. Jioni alisuka vyondo, vikapu vya katani. Nyamai alipozeeka na kurudi nyumbani kabisa, wawili hao walikuwa wakiketi nje saa kumi, yeye akisuka, mzee akimsomea Biblia. Mzee alisoma vizuri. Yeye hakuwahi kuona haja ya kujua kusoma maadamu yule wa kusoma alikuwa hapo kando.

Sasa hakuwepo tena kando.

Mtu mzima ambaye hajawahi kushika penseli hufundishwa kwa njia moja ninayoiamini: mwalimu anasimama nyuma yake, anamshika mkono, wanaandika pamoja mpaka mkono uzoee njia. Kwa Kasyoka sikuweza hata kukaribia benchi lake. Nilimwomba Kathini amshike yeye. Kasyoka akauvuta mkono wake akauficha ndani ya leso. Nikajaribu mwanamke mwingine, akakataa pia. Moyoni nikasema, huyu mama ana kiburi. Nisamehewe.

Njia aliivumbua mwenyewe. Alimtuma Kathini aniambie niandike kila herufi kubwa kwenye kipande cha katoni, nikiache juu ya benchi, niondoke. Nikafanya hivyo. Akatoa mfukoni uzi wa katani aliousokota mwenyewe, akaulaza juu ya herufi, akaufuata kwa kidole kutoka mwanzo hadi mwisho, akauinua, akaulaza tena kwenye benchi lisilo na chochote, akajaribu kuipata ile sura bila kuangalia katoni. Hivyo ndivyo alivyojifunza michoro ya vyondo, na hivyo ndivyo alivyoamua kujifunza kuandika. Nilimtazama kwa jicho la pembeni na kusema ukweli nilikata tamaa. Kwa mwendo huo, nilijiambia, Agosti itatukuta kwenye herufi ya tatu.

Na kweli, kufikia mwezi wa tano aliweza kulaza uzi vizuri, lakini penseli ilimshinda. Ile N ya mwanzo aliigeuza kila mara, ikaangalia nyuma. Nikiiandika ubaoni, anaikubali kwa kichwa. Akiiandika yeye, inaangalia nyuma.

Siku moja tukapata habari kwamba afisa wa elimu ya watu wazima atatutembelea Alhamisi. Mimi nikaanza kuchemka tangu Jumatatu. Nilitaka kila mwanafunzi awe na kitu cha kuonyesha. Jumanne hiyo nilizunguka mabenchi kama fundi anayekagua ukuta, nikasahihisha huyu, nikamkaripia yule, hadi nikafika nyuma bila kujua nimefika nyuma. Nikaona N imegeuka. Kabla akili yangu haijanifikia nilikuwa nimeinama, nimeushika mkono wa Kasyoka pamoja na penseli yake, ninauburuta juu ya karatasi.

"Hivi! Juu, chini, juu! Hivi!"

Kathini aliziba mdomo kwa mikono miwili. Niliuachia ule mkono lakini nilikuwa nimechelewa. Kasyoka hakuniangalia. Alikunja daftari, akaweka penseli mfukoni, akapita kando ya ukuta kama siku ya kwanza, akatoka. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze pamoja na ubao wangu.

Alhamisi afisa alikuja, akasifu darasa, akaandika vizuri kutuhusu. Sikusikia hata neno moja. Benchi la mwisho lilikuwa tupu.

Nyumbani Wayua hakunipigia kelele, na hilo liliniuma zaidi. Aliniuliza tu, "Ulimshika mama yangu?" Kisha akaingia ndani. Siku tatu nilipakuliwa chakula bila mazungumzo.

Nilifanya linalofanywa. Nilimwendea Mutie, ndugu mdogo wa marehemu, nikamwomba anipelekee maneno ya msamaha, na mbuzi. Mbuzi mzuri, dume jeupe. Mutie akaenda naye asubuhi. Saa sita akarudi, na mbuzi yuko nyuma yake.

"Amekataa?" nikauliza.

"Amesema mbuzi arudi kwao," Mutie akasema, akijaribu sana asicheke. "Amesema si mbuzi alimshika mkono."

Wiki ikapita, na ya pili, na ya tatu. Juni ilikuwa inaisha. Nilihesabu Jumanne zilizobaki kabla ya maombi zikawa chache, na kila nikizihesabu nilijua kwamba kama jina la Nyamai litaandikwa na fundi, ni mimi nimeliandikisha kwa fundi. Kasyoka hakuwa ameomba kitu kikubwa duniani. Aliomba herufi sita, akaja kuziomba kwangu, nami nikamfukuza kwa haraka zangu.

Kisha jioni moja Wayua akarudi kutoka kwa mama yake, akaweka daftari mezani mbele yangu. "Umeandikiwa," akasema.

Nilidhani ni mzaha. Nikafungua. Nusu ya kurasa zilikuwa zimechanwa. Kwenye ukurasa uliobaki kulikuwa na maneno, makubwa, yakipanda na kushuka, mengine yamebanana, mengine yametengana. Nilikuwa nikidhani anajifunza herufi sita. Kumbe kwa miezi minne, huku akijifanya kuangalia dirisha, alikuwa akichukua kila kitu nilichowaandikia wengine ubaoni. Aliandika kwa Kikamba, nami naweka hapa kwa Kiswahili vile vile alivyoyapanga:

"Mwalimu. Karani alinishika kidole. Wewe ulinishika mkono. Nyinyi wawili mlikuwa na haraka. Mkono ni wangu. Nitakuja Jumanne. Kaa mbali. Kasyoka."

"Ameandika wiki tatu," Wayua akasema. "Akikosea anachoma karatasi."

"Karani gani?"

Hapo ndipo Wayua akaketi, akanieleza jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Nyamai alipokufa, walikwenda ofisi fulani kufuata karatasi za mazishi. Karani alikuwa akiongea kwenye simu. Alimwuliza Kasyoka anajua kuandika, Kasyoka akatikisa kichwa, na yule karani, bila kukatiza simu yake, akanyoosha mkono, akamshika kidole gumba, akakigandamiza kwenye wino, akakigandamiza kwenye karatasi, akakiachilia, akaita mtu mwingine. Basi. Hakumtukana. Lakini ule wino haukutoka kwa sabuni wala kwa majivu. Siku ya mazishi, mama alipochota udongo kumtupia mumewe, kidole chake kilikuwa bado cha zambarau.

"Aliniambia mimi peke yangu," Wayua akasema. "Alisema, nimemzika baba yako na kidole cha mtu mwingine."

Kumbe hakikuwa kiburi. Nikachukua kalamu, nikaandika chini yake: "Mama, nimekosa. Nitakaa mbali. Kimeu." Jumanne nilifika mapema, nikaliacha daftari kwenye benchi la mwisho, nikarudi mbele kwenye ubao. Akaja. Akasoma polepole, kidole kikifuata kila neno. Akachukua uzi wake wa katani akaanza kazi.

Sasa nikueleze jambo ambalo nashukuru hadi leo kuliko hata pensheni. Nthoni inamkataza mtu kumtazama mama mkwe wake usoni na kuzungumza naye anavyotaka. Lakini karatasi haina uso. Kuanzia siku hiyo, lile daftari likawa linabaki kwenye benchi, Jumanne jibu lake, Alhamisi jibu langu, na mimi na Kasyoka tukaanza kuzungumza kwa mara ya kwanza tangu nioe. Barua yake ya pili ilikuwa fupi.

"Sauti yako inafika mpaka kwa mbuzi. Punguza."

Nikamjibu kwamba nitajaribu. Akaandika: "Wayua alipokuwa mtoto alikuwa haogopi nyoka. Siku hizi anaogopa nini?"

Nilikaa na swali hilo siku mbili. Mtu mwingine angeniuliza ana kwa ana ningewaka. Lakini lilikuwa limeandikwa kwa jasho, herufi moja moja, na nilijua lilivyomgharimu. Nikaandika ukweli: "Ananiogopa mimi nikikasirika." Jumanne iliyofuata nikasoma: "Basi jifunze. Mimi nina miaka sabini na miwili na ninajifunza." Sisemi kwamba nilibadilika nikawa malaika. Wayua atakuambia. Lakini jioni hiyo nilimwomba mke wangu msamaha kwa mambo ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameshaacha kuyahesabu, na nyumba yetu ina utulivu fulani sasa ambao nadaiwa na benchi la mwisho.

Julai yote Kasyoka hakugusa penseli isipokuwa kwa barua. Alikuwa amefikiri vizuri kuliko mimi: msumari si penseli, na simiti si karatasi. Wayua aliniambia kwamba kila asubuhi mama yake alikoroga udongo mwekundu kwenye karai, akausawazisha kwa mkono, akapiga magoti, akaandika kwa msumari mpaka udongo ukakauka. Kisha anamwaga maji, anakoroga upya. Ile N ikageuka ikaangalia mbele.

Siku ya maombi ilikuwa Jumamosi, na jua lilitoka likiwa na lake moyoni. Watu walikuja wengi, hata wapakiaji wenzake Nyamai kutoka Emali. Fundi Mbaluka alimaliza kujenga, akapiga plasta juu ya kaburi, akailainisha kwa mwiko ikang'aa. Mutie akamsogelea Kasyoka.

"Shemeji, wacha fundi aandike. Na hii jua, simiti haingoji mtu."

Kasyoka alitandika gunia, akapiga magoti, akanyoosha mkono, Mbaluka akampa msumari. Mimi nilikuwa mbali, karibu na ua wa mikonge, pamoja na wakwe wengine wa kiume, kama inavyotakiwa. Lakini niliona. N, safi. Y. A. Mchungaji aliacha kuimba, watu wakasogea. Akafika kwenye M, akachora mguu wa kwanza, akasita.

Mkono ulikaa hewani. Ukakaa. Mbaluka aliigusa plasta pembeni kwa ncha ya kidole, akatikisa kichwa. Ilikuwa inaanza kushika. Mtu akasema "Haki!" Mbaluka akainama, kwa huruma kabisa, nami simlaumu, akanyoosha mkono wake kuelekea mkono wa Kasyoka.

"Mama, wacha nikusaidie kidogo tu."

"MWACHE!"

Ilikuwa ile sauti. Miaka thelathini na mmoja ya shule ya msingi ilitoka yote kwa pamoja. Mbuzi walitawanyika, mwiko ukaanguka, Mbaluka akaruka nyuma kama aliyekanyaga kaa la moto, na umati mzima ukageuka kuniangalia. Isipokuwa mtu mmoja. Na mimi, kwa kuwa nilikuwa nimeahidi kukaa mbali, niligeuka nikawapa wote mgongo, nikaangalia ile mikonge. Baada ya muda nikasikia msumari ukikwaruza. Ukanyamaza, ukakwaruza tena. Ukaendelea kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Kisha Kathini akapiga kigelegele, na wengine wakamfuata.

Sikugeuka mpaka watu walipokwenda kula. Ndipo nikasogea kaburini peke yangu. NYAMAI. M ilikuwa pana kuliko wenzake na mstari mzima ulipanda kidogo mwishoni, lakini lilikuwa jina, lilisomeka. Chini yake, kwa herufi ndogo zaidi, palikuwa na jina jingine ambalo hakuna aliyekuwa amekubaliana nalo: KASYOKA. Na pembeni mwa jina hilo, palikuwa na alama ya kidole gumba, imezama kwenye simiti, mistari yake yote inaonekana.

Wayua alikuja akasimama karibu nami.

"Alipomaliza kuandika alikiangalia hicho kidole chake," akasema. "Kisha akakibonyeza mwenyewe. Hakuna mtu alimshika."

Nililia. Sioni haya kusema. Nililia nikiwa nimesimama na sahani ya muthokoi mkononi, na mke wangu akaipokea ile sahani ili nilie vizuri.

Jumanne iliyofuata nilikwenda ukumbini mapema nikiwa mnyonge. Alikuwa amekuja kwa jina moja, jina alikuwa amelipata, na alisema tangu siku ya kwanza kwamba akilijua anarudi nyumbani. Nikafungua mlango. Kwenye benchi la mwisho palikuwa na daftari. Nje, kupitia dirisha, nilimwona amesimama kwenye kivuli cha ukuta, ameangalia barabara, akingoja nipishe.

Aliandika hivi: "Asante mwalimu. Siku hiyo ulipiga kelele vizuri. Mama yangu amezikwa Mutomo, kaburi halina kitu. Nataka jina lake."

Niliyasoma mara tatu. Nikatoa kalamu, nikaandika chini yake, "Alikuwa anaitwa nani?" Kisha nikaliacha daftari wazi juu ya benchi, nikatokea mlango wa nyuma, ili yeye aingie kwa mlango wa mbele.